Maji, Malisho na Moto: Milima ya Mamboya na Hukumu ya Kuirudisha Ardhi

Katika mlango wa kuhuisha ardhi, wanafunzi wa fiqhi husoma Hadithi aliyoipokea Abu Daud ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) amevitaja vitu vitatu kuwa ni ushirika baina ya watu, navyo ni maji, malisho na moto. Wanavyuoni wameisherehesha kwa urefu. Wapo waliosema kuwa makusudio ya maji ni yale ya mito na chemchemi ambayo hakuna aliyeyachimba wala kuyahifadhi katika chombo chake. Malisho ni yale yaliyoota yenyewe katika ardhi isiyo na mwenyewe. Na moto ni ule ambao jirani huomba kaa au kuota mwangaza wake, na kuni zinazookotwa porini.

Ndugu msomaji, mara nyingi tunaisoma Hadithi hii kama kwamba vitu vitatu hivi vimetengana, kila kimoja na hukumu yake. Lakini mwenye kuitazama milima ya Mamboya, wilaya ya Kilosa, ataviona vyote vitatu vimefungamana juu ya mteremko mmoja. Moto huwashwa kiangazi, na aghlabu huwashwa kwa ajili ya malisho mapya au kusafisha shamba. Kisha mvua ikinyesha, maji ndiyo yanayobeba madhara na kuyashusha kwa watu ambao hawakuwasha chochote. Kwa hiyo mas'ala yetu ni haya: mlima ukishaungua na udongo ukaanza kuondoka, ni nani mwenye wajibu wa kuurudisha, na kwa njia gani? Tarikhi ya nchi yetu ina majibu kadhaa, mengine mazuri na mengine machungu, na fiqhi nayo ina lake la kusema.

Mamboya katika tarikhi

Mamboya si kijiji kilichojificha. Iko katika nchi ya Wakaguru, na katika karne ya kumi na tisa ilikuwa ni kituo katika njia ya misafara iliyotoka Saadani, ng'ambo ya Unguja, kupanda Mpwapwa na kuendelea hadi Unyanyembe. Misafara ilihitaji maji, chakula na mahali pa kupumzisha wapagazi kabla ya kuingia nyika kavu ya Ugogo, na milima ya Ukaguru ilikuwa na vyote hivyo. Kufikia mwaka 1880 wamisionari wa CMS walikuwa wamekwisha kujenga kituo chao hapo, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1880 Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliweka askari wake Mamboya chini ya uongozi wa Lloyd Mathews, afisa wa Kiingereza aliyekuwa akiliongoza jeshi la Sultani.

Liko jambo moja hapa ambalo wanatarikhi hawalitaji sana. Misafara ilipanda kutoka Saadani kwenda Mamboya, na maji ya milima ya Ukaguru hushuka kinyume chake: hukusanyika katika vijito, vijito vikaingia mto Wami, na Wami ukamwaga katika Bahari ya Hindi baina ya Bagamoyo na Saadani. Watu wa pwani walikuwa wakiifuata njia ya maji bila ya kuitaja hivyo. Tope linaloonekana mdomoni mwa Wami wakati wa masika ni udongo wa mashamba ya bara, yakiwemo ya Ukaguru.

Mwezi wa Novemba 1884 Carl Peters alipita katika nchi hizi na karatasi zake, na katika Msowero, ambayo nayo iko Kilosa, akapata alama ya Mangungo katika mkataba ambao kila mwanafunzi wa skuli Tanzania amepata kuusikia. Mkataba ule uliandikwa kwa lugha ambayo aliyetia alama hakuisoma, na ukahesabiwa kuwa umeitoa ardhi. Kwa mizani ya fiqhi ya mauziano hakuna ridhaa pasipo kujua kinachouzwa. Kisha mwaka 1904 dola ya Kijerumani ikatoa sheria ya kulinda misitu, na vilele vya milima vikaanza kutengwa kuwa hifadhi. Huko chini mabondeni, ardhi tambarare yenye rutuba ya Kimamba, Rudewa na Msowero ikaingia katika mashamba ya mkonge. Mwananchi akabaki baina ya mipaka miwili: juu yake msitu wa serikali, chini yake mkonge wa mzungu. Mahali palipobaki ni pale katikati, kwenye miteremko, na huko ndiko alikolima, ndiko alikolisha, na ndiko alikowasha moto. Asiyeizingatia tarikhi hii atamwona mkulima wa mteremkoni kuwa ni mharibifu tu, na wala hatauliza ni nani aliyemfikisha pale.

Moto hufanya nini juu ya mlima

Kabla ya kuhukumu, faqihi hutaka kulifahamu jambo lenyewe lilivyo, kwani wamesema wanavyuoni kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Ardhi ya mlima yenye majani na miti ina vifuniko viwili. Cha kwanza ni majani yaliyo juu na takataka zilizooza chini, ambazo huvunja nguvu ya tone la mvua. Cha pili ni mizizi, ambayo huushika udongo kwa ndani. Moto mkali huondoa kifuniko cha kwanza kwa siku moja. Tone la mvua likianguka juu ya udongo ulio uchi hupasua chembe zake, na chembe ndogo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia kuingia ndani. Tena majani yakiungua hutoa kitu mfano wa nta ambacho huweza kuingia katika udongo na kuufanya uyakatae maji kwa muda. Ndiyo maana mvua ya kwanza baada ya moto huteremka kwa wingi kuliko mvua kama hiyo mwaka uliotangulia, na ikateremka ikiwa nyeusi kwa majivu.

Ama kifuniko cha pili, yaani mizizi, hakiondoki siku ile ile. Mti uliokufa hubaki na mizizi yake ardhini, nayo ikaoza kidogo kidogo kwa miaka. Kwa hiyo mteremko unaweza kuonekana umetulia, watu wakasahau moto, kisha baada ya miaka michache ukaporomoka kwa mvua ya kawaida. Hili ni katika mambo yanayowadanganya watu wengi, kwani madhara ya moto hayaji yote pamoja na moto.

Ushahidi tunao hapa hapa Morogoro. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ilinyesha mvua ya kiasi cha milimita 100 kwa muda usiotimia saa tatu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden waliofanya uchunguzi walihesabu zaidi ya maporomoko 1,000 katika eneo la kilomita za mraba 75. Karibu yote yalianzia katika mashamba na nyika za majani. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mvua ilikuwa moja na mlima ulikuwa mmoja, na kilichotofautisha ni kile kilichokuwa juu ya udongo na ndani yake.

Na huko chini je? Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makaazi, na reli ya kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 mafuriko yakaikumba Magole na Dumila, yakaharibu daraja, na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikafungwa. Hatusemi kuwa mafuriko haya yaliletwa na moto fulani wa mtu fulani, kwani mvua kubwa ina sababu zake, na ujenzi katika njia za maji nao una sehemu yake. Tunachosema ni kwamba mlima ulio uchi huyaongezea maji kasi na mzigo wa mchanga, na mchanga ule hujaza mito na mabwawa, hata mvua ya mwaka unaofuata isipate pa kupita ila katika nyumba za watu.

Hukumu ya aliyewasha

Fuqahaa wameizungumza kwa uwazi mas'ala ya mtu anayewasha moto katika ardhi yake ukavuka kwa jirani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea katika nchi zetu, na vile vile aliyoyataja Ibn Qudama katika Al-Mughni kwa madhehebu ya Hanbali, msingi ni huu: mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kiasi cha ada, katika hali ya utulivu, kisha upepo ukauchukua pasi na uzembe wake, hana dhamana. Lakini akiwasha moto uliopita kiasi, au akawasha siku ya upepo mkali, au akauacha pasi na mlinzi hali anajua kuwa hutambaa, basi ni mwenye kukiuka, na juu yake iko dhamana ya kilichoharibika.

Iko pia riwaya aliyoipokea Abu Daud ambayo dhahiri yake ni kuwa madhara ya moto hayana fidia. Wanavyuoni wa Hadithi wameizungumza: wapo waliosema kuwa neno "moto" hapo ni kosa la mwandishi na asili yake ni "kisima", na walioikubali wakaifahamu juu ya yule asiyekiuka. Kwa vyovyote hakuna katika riwaya hiyo kinga ya mzembe.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002 inakataza kuchoma uoto bila ya kibali, na inamtaka mwenye kuwasha achukue tahadhari moto usimtoke. Mkutano wa kijiji nao unaweza kupitisha sheria ndogo ya moto na kutoza faini. Ila hapa ndipo lilipo tatizo. Faini ikilipwa huingia katika mfuko, risiti ikaandikwa, na mlima ukabaki uchi vile vile. Korongo halijui kuwa faini imelipwa. Tena mara nyingi aliyewasha hajulikani: moto umetoka vijiji vitatu mbali, au umewashwa na mrina asali usiku, au na mtoto mchungaji. Akikosekana wa kuadhibiwa, je, mlima uachwe uondoke?

Mlima ulipotengenezwa kwa nguvu

Jibu la wakoloni lilikuwa ni amri. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia serikali ya Kiingereza iliona mmomonyoko katika milima ya Uluguru, na wasiwasi wake juu ya maji ya mto Ruvu haukuwa wa uongo. Ukaanzishwa mpango wa matumizi ya ardhi ambao uliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao kwa siku maalumu za kila wiki, na ukawakataza kuchoma majani. Tatizo lilikuwa katika mambo mawili. La kwanza, kazi ilikuwa kubwa na ya lazima, na asiyekwenda alishitakiwa mbele ya watawala wa kienyeji. La pili, katika sehemu nyingi kukata ngazi kulifukua udongo wa chini usio na rutuba ukakaa juu, na mazao yakapungua. Mkulima aliambiwa ajitese leo ili apate njaa kesho.

Julai 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, ikawa ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Waandishi wawili, Roland Young na Henry Fosbrooke, walipoandika habari za mkasa huo mwaka 1960, kitabu chao kikapewa jina lenye maana ya moshi milimani. Na la ajabu ni kwamba Mgeta, ambako wakulima walikuwa wakilima mboga na kupata faida, matuta ya ngazi yaliendelea kutumika. Waluguru hawakuwa wakiichukia ngazi. Walichokikataa ni kazi isiyowarudishia kitu.

Jibu la pili lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula nchi kiasi ambacho mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wanyama wapatao 90,000 wakatolewa. Kwa upande wa ardhi matokeo yalionekana: majani yakarudi, miti ikachipua, makorongo mengi yakatulia. Kwa upande wa watu, mwenye ng'ombe wengi alipata pa kuwapeleka, na aliyekuwa na mbuzi watatu alikosa maziwa na mbolea; na mifugo iliyohamishwa ikaenda kuzidisha mzigo katika ardhi za majirani. Hapo 1989 ndipo ilipoanza kuruhusiwa mifugo michache inayolishwa zizini.

Himaa ya Umar na ngitili ya Wasukuma

Kuifunga ardhi ili ipone si jambo geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) aliifanya Naqii, karibu na Madina, kuwa himaa, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslaha ya umma. Sayyidna Umar (r.a.) akaongeza himaa nyingine, ikiwemo ya Rabadha. Jambo la kuzingatiwa ni wasia wake kwa Hunayy, aliyemweka kuwa msimamizi, kama alivyopokea Bukhari. Alimuusia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na makundi ya matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Akaeleza sababu: matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama fukara mifugo yake ikifa atamjia yeye Umar na watoto wake akitaka kulishwa kutoka katika hazina.

Huu ni mwongozo mkubwa. Kufunga ni sahihi, lakini mlango wa kufunga usianze kwa kumbana mnyonge. Kondoa wote walifungiwa kwa hukumu moja, na hukumu moja juu ya watu wasiolingana humwangukia dhaifu kwa uzito zaidi.

Mfano mwingine uko Shinyanga. Wasukuma wana desturi ya ngitili, nayo ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yake yatumike kiangazi. Iko ngitili ya kaya na iko ya kijiji. Desturi hiyo ilidhoofika sana watu walipohamishwa katika vijiji miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986 haukuleta jambo jipya. Uliifufua ngitili na kuwaachia wenyewe na walinzi wao wa jadi, sungusungu, kuisimamia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Kule Uluguru palikuwa na amri, Kondoa palikuwa na amri na fedha, na Shinyanga palikuwa na jambo ambalo mwananchi alilijua kwa jina la lugha yake, na faida yake ikamrudia.

Wa juu na wa chini

Inabaki haki baina ya wa mlimani na wa bondeni. Fiqhi ya maji imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya hukumu za Mtume (s.a.w.) katika mabonde ya Madina. Katika bonde la Mahzur alihukumu kuwa aliye juu ayazuie maji hadi yafike vifundo vya miguu, kisha ayaachie kwa aliye chini yake. Na katika kesi ya Zubeir na Ansari waliogombana juu ya mfereji, alimwelekeza Zubeir amwagilie kisha amwachie jirani. Mwenye kuwa juu ana haki ya kutangulia, lakini haki yake ina kikomo.

Wanavyuoni waliyasema haya juu ya maji machache. Mas'ala ya Mamboya ni ya maji mengi yenye tope, na kanuni ni ile ile, kwani madhara hayaondolewi kwa kumtwika mwingine madhara. Wa juu hana haki ya kumshushia wa chini korongo. Na wa chini naye hana haki ya kumtaka wa juu aache kulima, apande miti, ajenge vizuizi vya mawe, yote bure, ili bonde lilale salama.

Hapa fiqhi ina mkataba unaofaa nao ni ju'ala, yaani ahadi ya ujira kwa atakayelitimiza jambo fulani. Wengi katika wanavyuoni, wakiwemo Mashafii, wameujuzisha, na dalili yao ni kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta chombo cha mfalme. Wahanafi kwa jumla hawakuukubali ila katika hali maalumu, kwa sababu ya kutojulikana kiasi cha kazi. Tofauti yake na ijara ni kuwa katika ju'ala ujira hustahikiwa kwa kutimia kazi. Jambo la mfano huu limejaribiwa Uluguru. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kupanda miti na kutengeneza matuta, na DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam, likaingia kama mnunuzi wa huduma hiyo. Malipo hayakuwa makubwa, na mpango ulitegemea sana wafadhili. Lakini kwa mara ya kwanza mnywaji wa maji mjini alikubali kuwa ana deni kwa mwenye jembe mlimani. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo imeziwekea msingi jumuiya za watumia maji, ambamo wa juu na wa chini wanaweza kukaa kikao kimoja.

Hukumu ya Sulaiman

Katika Suratul Anbiyaa kimetajwa kisa cha Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.), mbuzi na kondoo wa watu walipoingia usiku katika shamba la wengine. Wafasiri wameeleza kuwa Daud alihukumu mifugo apewe mwenye shamba, kwa kuwa thamani ya kilichoharibika ililingana nayo. Sulaiman akahukumu lililo la upole zaidi: mwenye shamba apewe mifugo anufaike na maziwa na sufi yake, na mwenye mifugo alishughulikie shamba hadi lirejee kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe kilicho chake.

Tuizingatie hukumu hii, ndugu zangu. Hakuna aliyefilisika, na shamba limerudi. Aliyeharibu ndiye aliyetengeneza, na aliyeharibiwa hakukaa na njaa akisubiri. Watu wa Kilosa wanaijua bei ya mgogoro wa shamba na mifugo: tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mahali penye historia kama hiyo, kila hukumu ya ardhi inayoacha upande mmoja umevunjika ni kuni zinazongoja moto mwingine.

Basi kwa mlima ulioungua, hukumu ya Sulaiman inatuelekeza kwenye utaratibu huu. Aliyethibitika kuwasha kwa uzembe, faini yake iwe ni kazi juu ya mlima ule ule, ikadiriwe na wajuzi, na ikome pale kazi inapokamilika. Asipojulikana, wajibu unakuwa wa wote kwa kifaya, na wa bondeni wachangie kwa mali au kwa mikono, kwa sababu nao wananufaika.

Ama kazi yenyewe, ina mpangilio, na mwenye kuupindua hupoteza nguvu zake. Kwanza mteremko ufungwe, kwa kuwachagulia wenye mifugo michache sehemu ya kulishia au ruhusa ya kukata majani na kuyabeba. Pili, kabla ya mvua za mwanzo, magogo yaliyoungua yalazwe kukingama mteremko na kuegemezwa kwa vigingi, na mawe yapangwe kwa mstari wa usawa, ili maji yapunguze kasi na kuacha udongo wake. Tatu, makorongo yazibwe kwa vizuizi vidogo vidogo vya fito na mawe, kuanzia kichwani kwa korongo kushuka chini. Wengi huanza chini panapoonekana ubaya, na mvua moja huvunja kazi yote. Nne, visiki viachwe. Miti mingi ya miombo haifi kwa moto mmoja. Huchipua kutoka shinani, na kuchagua machipukizi mawili matatu na kuyapogoa ni rahisi kuliko kupanda. Njia hii wenzetu wa Dodoma wanaiita kisiki hai. Tano, penye chemchemi na kando ya kijito ipandwe miti ya asili kama mikuyu, na mikaratusi iwekwe mbali kwa kuwa hunywa maji mengi. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Na fuqahaa tangu zamani wamekipa kisima na mto hariimu yake, wakatofautiana katika vipimo tu. Sita, njia za kuzuia moto zisafishwe kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea, la sivyo yote yaliyotangulia ni kuni.

Kazi hii si ya msimu mmoja. Tumeeleza kuwa mizizi huoza kwa miaka, kwa hiyo ulinzi nao uhesabiwe kwa miaka, na mkataba wowote wa ujira uandikwe kwa muda huo. Mfadhili anayekuja na miche elfu na kuondoka kabla ya mvua ya pili amepiga picha tu. Kinachobaki ni kikao cha kijiji, sheria ndogo inayofahamika, na watu wa juu na wa chini wanaojuana kwa majina.

Misafara ilikwisha kupita Mamboya, na ngome ya Sultani, karatasi ya Peters na mpaka wa mkonge vimekuwa habari za vitabuni. Maji bado yanashuka kila masika kwa njia ile ile kuelekea Saadani, na hali yatakayofika nayo inategemea wanayoyafanya watu juu ya mteremko baina ya moto wa kiangazi na tone la kwanza la mvua. Ushirika uliotajwa katika Hadithi ni haki ya kunufaika, na kila mwenye kunufaika na kitu cha ushirika analazimika kukihifadhi.

Wallahu aalam.